Nimefika Ulaya Mbili

Ndugu msomaji, ukiwa Mikumi, ukaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa, ukashika njia ya kwenda Kilosa mjini, utafika mahali paitwapo Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Kuna Ulaya Kibaoni na kuna Ulaya Mbuyuni. Huko hakuna theluji wala majumba ya ghorofa kumi. Kuna mahindi, ufuta, mbuzi na jua la kutosha.

Mimi ni mtu wa upande huo. Nilipokuwa kijana, watu wa mjini wakiniuliza kwetu ni wapi, nilijibu, "Kwetu ni Ulaya." Walicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye, mwaka 1983, nilifika Ulaya ile nyingine, ya ng'ambo. Basi mimi ni mmoja wa watu wachache waliotoka Ulaya kwenda Ulaya, kisha wakarudi Ulaya.

Wataalamu wa lugha husema kwamba neno Ulaya limetoka katika neno la Kiarabu lililotupa pia neno wilaya. Maana yake ni jimbo, au nchi iliyo chini ya mtawala. Kwa hiyo Ulaya na wilaya ni watoto wa tumbo moja. Nilipoambiwa habari hiyo nilifurahi, maana nilikuwa nimechoka kuchekwa.

Leo nataka tuzungumze juu ya safari za ng'ambo. Wazee husema, "Tembea uone." Lakini hawakutuambia tutaona nini. Wengine hutembea wakaona maduka tu. Mimi nitakueleza nilichokiona, nawe utapima mwenyewe.

Mpingo wa baba

Nilikuwa mwalimu wa useremala katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi. Siku moja mkuu wa chuo akaniita. Akasema nimechaguliwa pamoja na walimu wengine kwenda Sweden kujifunza kwa muda wa miezi 7.

Nikaenda nyumbani kuwaaga wazazi. Baba alikuwa mkulima. Hakujua Sweden iko wapi. Aliniuliza, "Huko ni mbali kupita Tanga?" Nikamwambia ni mbali zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Una viatu?"

Sikuwa na viatu vya safari. Sikuwa na sanduku wala koti. Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu madukani, na zilipopatikana zilikuwa ghali. Kwenye mpaka wa shamba letu ulisimama mti mmoja wa mpingo. Babu yangu aliukuta pale, na baba naye akaukuta. Baba akachukua shoka, akaukata.

Kama umewahi kukata mpingo, unajua kazi yake. Shoka hurudi kama limepiga jiwe. Baba alikata kwa siku tatu. Akapanga magogo, akafunika kwa majani na udongo, akachoma mkaa. Yakapatikana magunia tisa. Tukayapeleka Mikumi, tukawauzia madereva wa malori. Fedha hizo ndizo zilizonunua sanduku langu, viatu vyangu na koti langu.

Hatukuona ajabu yoyote. Mti ni mti, na mkaa wa mpingo unawaka vizuri sana.

Siku ya safari nilipanda basi Mikumi alfajiri. Barabara hiyo hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa urefu wa kilomita 50 hivi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964. Jina lake ni la ile mikumi, mirefu kama minazi, ambayo wengine huiita mivumo. Jua lilikuwa linachomoza. Twiga walikuwa karibu na barabara, kama hatua 20 tu. Pembeni ilisimama gari moja ya wageni, wazee wa Kizungu, mwanamume na mwanamke. Walikuwa wamesimama nje na darubini mkononi, hawasemi neno.

Ndani ya basi letu abiria walikuwa wamelala. Utingo akawatazama wale wazee akasema, "Watu hawa hawana kazi ya kufanya kwao." Sote tuliokuwa macho tukacheka. Nami nilicheka.

Nchi ya watu wanaokwenda upesi

Sasa nikueleze habari za Sweden. Iko kaskazini ya Ulaya. Tulikaa katika chuo kimoja kusini ya Stockholm, mji mkuu wa nchi hiyo.

Mwezi wa kwanza nilikuwa kama mtu aliyeingia peponi. Maji yalitoka bombani usiku na mchana, ya moto na ya baridi. Gari moshi la saa mbili na dakika kumi na nne liliondoka saa mbili na dakika kumi na nne. Si kumi na tatu, si kumi na tano. Mkulima mmoja na mkewe walikamua ng'ombe 30 kwa mashine, wakamaliza kabla ya kunywa chai. Nilimwandikia baba barua ndefu ya kuyasifu hayo yote. Nilisema kwetu tumelala. Leo ninapoikumbuka barua ile naona haya.

Kisha ikaja baridi, na pamoja nayo giza. Mwezi wa Desemba, saa tisa alasiri, jua limekwisha kuzama. Asubuhi unakwenda darasani gizani, na jioni unarudi gizani. Nikaanza kuota ndoto za jua. Ndugu msomaji, sikujua kwamba mtu anaweza kulikumbuka jua kama anavyomkumbuka mama yake.

Jambo jingine lililonisumbua ni salamu. Siku ya kwanza nilipopanda basi niliwaamkia abiria wote, kama tufanyavyo sisi. Wote wakainamisha macho. Mama mmoja akasogeza mkoba wake. Walinieleza baadaye kwamba si ukali, ni desturi: huko mtu humwachia mwenziwe nafasi yake. Nimeielewa desturi hiyo, lakini sikuizoea.

Karibu na chuo aliishi mzee mmoja peke yake. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa miji ya mbali. Nilikuwa ninamsaidia kuondoa theluji mlangoni. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga tulielewana. Siku moja nikamwambia, "Ninyi Mungu aliwapenda, akawapa nchi tajiri." Mzee akacheka. Akaleta picha ya zamani ya watu waliokonda, wamesimama mbele ya kibanda cha magogo. Walikuwa babu na bibi zake.

Ndipo nilipopata habari ambayo sikuwa nimeisikia. Sweden ilikuwa nchi maskini. Kati ya mwaka 1867 na 1869 walipata njaa kubwa. Watu walichanganya magome ya miti katika unga wa mkate. Tangu katikati ya karne ya 19 mpaka miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Waswidi zaidi ya milioni moja waliihama nchi yao wakaenda Marekani kutafuta maisha. Katika familia ya mzee yule walikwenda watu watano. Hakurudi hata mmoja.

"Misitu nayo tuliimaliza," mzee akasema. Walikata miti kwa mbao, kwa mkaa wa kuyeyushia chuma, na kwa kuuza nje. Walipoona hatari inakuja, mwaka 1903 ikapitishwa sheria: anayekata msitu ni lazima ahakikishe msitu mwingine unaota mahali pale. Miti niliyoiona mimi mwaka 1983, ambayo nilidhani Mungu aliiotesha tangu kuumbwa kwa dunia, mingi ilikuwa imepandwa na watu.

Usiku ule niliifikiria ile barua niliyomwandikia baba. Nilikuwa nimelinganisha nyumba yao iliyokwisha kujengwa na nyumba yetu ambayo bado tulikuwa tunachimba msingi. Mjenzi gani hufanya hivyo?

Wazo hutembea kwa miguu ya watu

Chuo tulichokaa kilikuwa cha aina ambayo wao huiita chuo cha watu. Hakuna mitihani mikubwa. Wanafunzi ni watu wazima: wakulima, mafundi, wauguzi, akina mama. Hulala hapo, hula pamoja, hujadiliana. Je, unakifahamu chuo cha namna hiyo? Kama unaishi Kilosa, unakifahamu, maana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo hapo hapo Kilosa.

Hebu tuifuate njia ya wazo hili, maana ni safari ndefu.

Palikuwa na mchungaji na mshairi wa Denmark aliyeitwa Grundtvig. Alizaliwa mwaka 1783. Kati ya mwaka 1829 na 1831 alisafiri Uingereza mara tatu, kila mara wakati wa kiangazi chao. Alikwenda kusoma maandishi ya kale. Lakini alipokaa Cambridge aliona jambo ambalo hakulifuata: walimu na wanafunzi walikaa chuo kimoja, wakala chakula pamoja, wakazungumza. Jambo hilo likamwingia moyoni.

Sasa angalia alivyofanya. Hakurudi kwao akasema, "Tujenge Cambridge." Cambridge ilikuwa ya wana wa matajiri. Kwao Denmark wasomi waliringa kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima hakuielewa. Grundtvig alisema wakulima wafundishwe kwa Kidenishi, lugha yao wenyewe, na wajifunze mambo ya nchi yao na maisha yao. Mwaka 1844 chuo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa mahali paitwapo Rødding. Wakulima waliotoka katika vyuo hivyo walikuwa mstari wa mbele kuanzisha vyama vya ushirika vya maziwa, ambavyo cha kwanza kilianza mwaka 1882. Waswidi walikuja wakaona, wakafungua vyuo vyao mwaka 1868.

Miaka mia moja baadaye, Mwalimu Julius Nyerere aliviona vyuo hivyo katika ziara zake za nchi za kaskazini ya Ulaya. Akapendezwa navyo. Tanzania wakati ule ilikuwa katika vita vya kufuta ujinga. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kuchimba vyoo. Watu walipokwisha kujua kusoma, wakauliza, "Baada ya hapa?" Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Leo vyuo hivyo vimezidi 50.

Nasi hatukuiga kila kitu. Sweden hawafundishi kufuga kuku wa kienyeji wala kufyatua matofali. Kilosa kijana anajifunza ushonaji, uashi, useremala, kilimo, kwa Kiswahili. Kutoka Cambridge mpaka Rødding, kutoka Rødding mpaka Sweden, kutoka Sweden mpaka kando ya mto Mkondoa, wazo lilivua nguo kila mpakani, likavaa za wenyeji.

Watu wetu wamesafiri na kuandika tangu zamani, usidhani ni jambo la jana. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alisafiri mpaka Urusi na Siberia, akaandika habari zake kwa Kiswahili. Zilipigwa chapa mwaka 1901. Mwaka 1931 Martin Kayamba wa Tanga, Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba walikwenda London. Waliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Shauri lile halikupita. Kayamba aliporudi akaandika kitabu kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Mjomba wangu hakuandika kitabu. Yeye alichukuliwa jeshini katika Vita Kuu ya Pili, akapelekwa Burma na askari wengine wa Afrika Mashariki. Alituambia habari moja tu, mara nyingi: kwamba katika tope la Burma alimwona ofisa wa Kizungu analia kwa hofu, naye mjomba akampa sigara. "Tangu siku ile," alikuwa anasema, "nikirudi Kilosa, bwana shauri akinipigia kelele, namtazama tu."

Mwalimu mwenyewe alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952. Angeweza kurudi na majivuno ya Kiingereza, kama wengi walivyorudi. Lakini mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Alikuwa Rais wa nchi, ana kazi tele, tena akapata muda wa kukaa usiku kutafuta neno la Kiswahili litakalotosha mahali pa neno la Shakespeare. Mtu aliyebaki nyumbani angeweza kudhani Kiswahili hakitoshi. Yeye alikuwa amekiona Kiingereza nyumbani kwake, akajua ni lugha kama lugha nyingine.

Wako pia waliorudi wamepotea. Nawe unawajua. Mtu alikaa ng'ambo mwaka mmoja, akirudi hawezi tena kula ugali kwa mkono, na kila sentensi huanza, "Sisi kule..." Wazee wetu walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Lakini na yule asiyetoka kabisa, anayesema kwao kila kitu ni kizuri, hata kisima kichafu, huyo naye simsifu. Mtu akikipenda kijiji chake na hajui kwamba maji yanaweza kuwa safi, ataendelea kunywa machafu.

Zumari nyeusi

Tarehe 13 Desemba Waswidi wana sikukuu iitwayo Lucia. Kwa kuwa giza ni kubwa, watu huwasha mishumaa na kuimba. Chuoni kwetu tulikusanyika ukumbini. Msichana mmoja alipiga zumari ya Kizungu iitwayo klarineti. Ni filimbi ndefu nyeusi yenye vifungo vya fedha. Sauti yake ni laini, inapanda na kushuka kama ndege wa alfajiri. Watu wote walikuwa kimya.

Alipomaliza nilimwendea nikaomba kuishika. Mimi ni seremala. Kitu cha mbao sikitazami kwa macho tu, nakitazama kwa vidole. Niliposhika kipande kimoja nikashangaa kwa uzito wake. Akakifungua ili nione ndani. Pale kwenye maungio, ambapo hapakupigwa rangi wala nta, niliona nyuzi za mti: nyeusi, na ndani ya weusi kuna wekundu kidogo wa kahawia. Nikahisi baridi isiyotoka nje.

Nikamwuliza mwalimu wa muziki, "Mti huu unatoka wapi?" Akasema, "Afrika. Wenye viwanda huuita grenadilla. Hakuna mti mwingine unaofaa kama huu. Klarineti nzuri za dunia nzima hutengenezwa kwa mti huu." Hiyo aliyoishika msichana ilitengenezwa Ufaransa. Akanitajia bei yake. Ilikaribia mshahara wangu wa mwaka mzima.

Ulikuwa mpingo, ndugu msomaji. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji, ule ule.

Sikulala usiku ule. Viatu vyangu vilikuwa chini ya kitanda, na sanduku langu lilikuwa juu ya kabati. Nilivitazama. Magunia tisa ya mkaa. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kwa kazi. Sisi tuliuchoma kwa siku chache, watu wa malori wakaupikia chai Dar es Salaam. Si kwamba baba alikosa. Baba alifanya alivyojua, tena alifanya kwa ajili yangu. Nani alikuwa amemwambia? Nami seremala, mwalimu wa maseremala, sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba mpingo ni kitu zaidi ya kuni na vinyago.

Nikawakumbuka wale wazee wawili wa darubini pale Mikumi, wanatazama twiga, na sisi tunacheka ndani ya basi. Wao walikuwa wametoka kwenye giza kama lile nililokuwa ndani yake. Walisafiri mbali sana kuja kutazama kitu ambacho sisi tulikipita tumelala.

Asubuhi nikamwandikia baba barua ya pili. Hiyo sikusifu mabomba. Nilimwandikia habari za klarineti, polepole, kwa herufi kubwa. Baba alikuwa msomaji mpya. Alijifunza katika kisomo cha watu wazima chini ya mwembe wa shule, akiwa amevuka miaka 50, na mwalimu wake alikuwa binti wa jirani.

Jibu lilifika mwezi wa Februari. Lilikuwa na mistari michache. Ninayo mpaka leo. Aliandika hivi:

"Mwanangu, barua yako nimeisoma mwenyewe, sikusomewa. Mvua imenyesha vizuri. Mama yako hajambo. Kisiki cha mpingo kimechipua, machipukizi manne. Nimezungushia miiba mbuzi wasile. Baba yako."

Nyumbani

Niliporudi, watu walinipokea Mikumi kwa furaha. Wakalitazama sanduku langu. Walitegemea redio na saa. Walipoona nimeleta randa mbili, patasi na kitabu cha picha za miti, baadhi walivunjika moyo. Shangazi yangu alisema waziwazi kwamba safari yangu haikuwa na faida.

Lakini nilikuwa nimeanza kuona. Niliona kwamba watu wa njiani wananisalimu, nikaitika kila salamu mpaka nikachelewa nyumbani. Niliona jua. Niliona pia mambo ambayo zamani hayakuniudhi: kisima chetu kilichokuwa wazi, na mkutano wa saa tatu ulioanza saa sita. Nilipolalamika juu ya saa, wenzangu wakasema, "Huyu sasa Mzungu." Nikawaambia, "Mimi natoka Ulaya tangu kuzaliwa." Basi tukacheka, lakini mkutano uliofuata nilikwenda na kengele.

Chuoni nikaanza kuwatembeza wanafunzi porini kabla ya kuwapa msumeno. Hii ni mninga, huu ni mpingo, huu ni mkongo. Umri wake ni huu, kazi yake ni hii. Mwanafunzi asiyeujua mti uliosimama, sikumpa ubao.

Wilaya yetu imeendelea kuchoma mkaa, wala sitakuficha. Miji inauhitaji, na mwanakijiji anahitaji fedha. Mwaka 2012 ulianza mradi wa mkaa endelevu katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, hata vya upande wetu wa Ulaya. Uliongozwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa wanavijiji uitwao MJUMITA, kwa msaada wa Uswisi. Utaratibu wake ni huu. Kijiji hutenga sehemu ya msitu wake kwa mkaa. Sehemu hiyo hugawanywa vitalu vya mraba, mita 50 kwa mita 50. Vitalu vichache hukatwa, vinavyopakana navyo huachwa, kama draftibodi. Visiki having'olewi, huachwa vichipue. Kitalu kilichokatwa hupumzishwa miaka 24 kabla ya kukatwa tena. Mchoma mkaa hulipa ushuru, na ushuru huingia mfuko wa kijiji. Uswisi ni nchi ya milima na theluji, lakini kitu walichokitegemea hapa ni kile kile alichokiona baba mwaka 1984: kisiki huchipua, ukikizuilia mbuzi.

Baba alifariki miaka mingi iliyopita. Katika yale machipukizi manne aliacha mawili, mengine akayapunguza. Moja lilikauka mwaka wa ukame. Lililobaki sasa ni mti, unene wake kama paja la mtu mzima. Kwa mpingo huo ni utoto bado. Mimi sitauona ukifaa kwa zumari.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, amepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Juzi alikuja kuniaga. Tukakaa nje. Aliutazama ule mti, kisha akaniuliza kwa upole, "Babu, mpingo siku hizi ni bei gani?"

Nikamwambia sanduku langu la mwaka 1983 lipo darini, halijatoboka. Nikamwita kaka yake alete ngazi, akalishusha, tukalifuta vumbi.